Charlottenhof: Villa Iliyopandishiwa Ardhi

Ukiifikia Charlottenhof kwa upande wa magharibi, unakutana na nyumba ya ghorofa: chini ukuta mzito wenye mlango, juu yake madirisha ya sakafu kuu. Zunguka hadi mashariki, na ghorofa ya chini huioni tena. Zimebaki nguzo nne za Kidoriki zikibeba pembetatu ya paa, mfano wa hekalu dogo la Kigiriki, na sakafu ya baraza lake iko sawasawa na ardhi unayoikanyaga.

Nyumba ni hiyo hiyo moja.

Kilichobadilika ni ardhi. Upande wa mashariki ilijazwa udongo hadi ikafikia usawa wa sakafu kuu, na ghorofa ya chini ikamezwa. Kwa wiki kadhaa nimeshindwa kuachana na jambo hili, maana karibu kila anayeieleza villa hii ya Potsdam, mji ulio jirani na Berlin nchini Ujerumani, iliyoko kusini-magharibi mwa bustani ya Sanssouci, huanza na nguzo. Nguzo kila tajiri wa enzi zile aliweka. Kuinua bustani nzima ili nyumba ya shambani ionekane hekalu ni wazo la aina nyingine kabisa, na limeniachia swali: huu ni usanifu au ni kiini macho?

## Zawadi iliyokuja na nyumba kuukuu

Krismasi ya mwaka 1825, Mfalme Friedrich Wilhelm III wa Prussia, ufalme wa Kijerumani wa zamani, alimzawadia mwanawe mrithi shamba lililopakana na Sanssouci. Mrithi huyo, naye akiitwa Friedrich Wilhelm, alikuwa amemwoa Elisabeth Ludovika wa Bavaria miaka miwili kabla. Shambani palikuwa na nyumba ya karne ya 18 iliyokwisha kupita kwa wamiliki kadhaa. Mmoja wao, Maria Charlotte von Gentzkow, aliyekuwa nayo kati ya 1790 na 1794, ndiye aliyeiachia jina.

Kazi ilikwenda kwa msanifu Karl Friedrich Schinkel. Wakati huo alikwisha kumaliza jumba la tamthilia la Berlin, na jumba la makumbusho tunaloliita leo Altes Museum lilikuwa bado linajengwa. Aliyemsaidia ni mwanafunzi wake Ludwig Persius, kijana wa miaka ishirini na kitu. Bustani akakabidhiwa Peter Joseph Lenné. Ujenzi ulianza 1826, ukaisha 1829, kwa fedha kidogo.

Fedha kidogo ndiyo iliyoamua mengi.

Mwenye nazo angebomoa na kuanza upya. Schinkel alijenga juu ya misingi ya nyumba ya zamani, na msingi wa zamani una amri zake. Kuta zinazobeba uzito hazihami. Upana wa vyumba umekwisha kupangwa, na madirisha yatafuata vyumba, utake usitake. Ukilazimisha ukuta mpya mzito pasipo na msingi chini yake, utazama taratibu kuliko wenzake, na ufa utatokea hasa pale unapoungana na ule wa kale. Kinachobaki mikononi mwako ni paa, baraza la mbele, na kitu kimoja ambacho wasanifu wengi hukichukua kama kilivyo: usawa wa ardhi inayoizunguka nyumba.

Hapo ndipo Schinkel na Lenné walipocheza.

## Kazi ya udongo

Eneo lile ni tambarare na lina unyevu, kama sehemu kubwa ya Potsdam iliyo kandokando ya mto Havel. Walichimba bwawa, na udongo wake ukatumika kuinua ardhi. Kwa kazi moja walipata mambo mawili: maji ya kutazama, na kimo cha kutazamia.

Kwa maneno ni rahisi. Kwa vitendo, udongo unaotoka bwawani ni mbaya kwa kujazia. Una majani yaliyooza na tope, na ukikauka hunywea. Ukiumwaga lundo zima kwa mara moja, juu utakauka na kuonekana imara huku chini ukiendelea kushuka kwa miaka. Unatakiwa kuchanganywa na mchanga, kutandazwa kwa tabaka la sentimita 20 hadi 30, na kila tabaka kushindiliwa kabla ya jingine kuwekwa. Palipo na njia ya mawe au benchi zito, ushindiliaji uwe wa makini zaidi, la sivyo benchi litainama upande.

Tatizo la pili liko ukutani. Ukuta uliozoea hewa pande zote, ukiufukia upande mmoja, huanza kunywa maji. Tofali lina vinyweleo. Unyevu wa udongo hupenya, hubeba chumvi, na unapofika upande wa ndani maji hukauka na kuiacha chumvi ikiganda chini ya plasta. Ikishaganda hutanuka, na plasta hubambuka kuanzia chini. Dawa ya zamani ilikuwa kutenga udongo na ukuta kwa kokoto ili maji yashuke badala ya kuingia, pamoja na kuhakikisha pande nyingine za ghorofa ile zinapata upepo. Upande wa magharibi wa Charlottenhof uliachwa wazi, na nauona kuwa uamuzi wa akili kuliko hata nguzo zenyewe: sura ya mbele imefukiwa, mgongo unapumua.

Halafu kuna faida ya mwendo. Anayeingia kwa mlango wa magharibi yuko chini. Ndani ya ukumbi wa kuingilia anapanda ngazi, juu yake dirisha la kioo cha bluu chenye nyota, kisha anavuka ukumbi wa kulia chakula na kutokea barazani. Anatarajia kuwa juu ghorofani. Anajikuta ardhini. Mbele yake bustani inanyooka hadi benchi la nusu duara mwishoni, ambalo zamani lilifunikwa kitambaa kama hema, na pembeni kuna chanja ndefu ya mizabibu.

Mlango, ngazi, ukumbi, baraza, bustani, benchi: vyote viko kwenye mstari mmoja. Toa benchi, na mstari mzima unakosa pa kuishia.

## Marumaru ya nchi isiyo na marumaru

Brandenburg haina marumaru. Haina hata mawe mazuri ya kuchonga. Ina mchanga, udongo wa mfinyanzi, na mawe magumu ya mviringo yaliyoachwa na barafu ya kale. Mawe ya mchanga ya Saksonia yalisafirishwa kwa mashua kupitia mto Elbe, na bei yake ilikuwa ya kuumiza. Chokaa ilipatikana jirani, kutoka mawe ya Rüdersdorf mashariki ya Berlin, na matofali yalichomwa karibu na Potsdam kwenyewe, Glindow na vijiji vya kando ya Havel.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya majengo unayoyaona Berlin na Potsdam ya enzi ya Schinkel, yale yanayoonekana kujengwa kwa mawe makubwa ya kuchongwa, ni matofali yaliyopigwa plasta ya chokaa na kuchorwa mistari.

Namna inavyofanyika inastahili kuelezwa polepole.

Chokaa hai huzimwa kwa maji, nayo huchemka kwa nguvu ya kuunguza ngozi. Kisha huachwa shimoni ikiwa imefunikwa, miezi kadhaa kwa uchache. Ikitumiwa mapema, chembe ambazo hazijazimika huzimikia ukutani na kurusha vipande vya plasta vyenye ukubwa wa kucha. Uwiano wa kawaida ni kiasi kimoja cha chokaa kwa vitatu vya mchanga mkali uliooshwa. Tofali hulowanishwa kwanza, maana tofali kavu hunyonya maji ya plasta kabla haijashika. Tabaka la kwanza hurushwa kwa mwiko na kuachwa na mikwaruzo. La pili husawazishwa kwa ubao mrefu. La tatu ni jembamba, milimita chache tu, la mchanga laini.

Mistari ya kuigiza mawe hukatwa kwenye tabaka hili la tatu, na hapa ndipo fundi hujulikana. Plasta iwe imeshika kiasi kwamba kidole kinaacha alama bila kuzama. Ubao ulionyooka hubanwa ukutani kwa pima maji, na chuma chembamba huvutwa mara moja, bila kusita. Ukiwahi, plasta inachanika na kingo zinakuwa na ndevu. Ukichelewa, inavunjika vipande. Katika siku ya joto muda wa kukata ni mfupi, kwa hiyo ukuta mpana hupangiwa watu kadhaa wanaofuatana, na viungo vya kazi ya jana na ya leo hufichwa ndani ya mstari wenyewe.

Yanayoharibika baadaye yanajulikana vizuri. Maji yakiingia kwenye ufa na kuganda wakati wa baridi, hutanuka kwa takriban asilimia 9 na kuusukuma ufa. Baadaye anakuja fundi wa karne ya 20 na kuuziba kwa saruji, na hapo ndipo balaa inapoanza. Saruji ni ngumu na haipitishi unyevu kama chokaa. Maji yaliyo ndani yanakosa pa kutokea, yanajikusanya pembeni ya kiraka, na majira machache baadaye plasta nzima ya jirani inadondoka huku kiraka kikiwa kimesimama kizima. Mafundi wa Mji Mkongwe wa Zanzibar hawahitaji kufundishwa hili. Kuta zao za mawe ya matumbawe na chokaa zimekufa kwa ugonjwa huo huo.

Anayetaka kujua rangi ya awali ya ukuta kama huu haanzi na picha za kale. Huchukua kisu kidogo cha daktari na kukwangua ngazi nyembamba, tabaka moja baada ya jingine, hadi tofali. Kila tabaka linabaki wazi kwa sentimita chache, nalo huhesabiwa na kuchunguzwa kwa hadubini. Kazi hii huanzia sehemu zilizofichika, chini ya ukingo wa paa au nyuma ya bomba, kwa sababu huko jua na mvua havikufika.

## Paa

Hapa sitakaa sana, ingawa paa ndilo linalokula fedha nyingi katika villa zote za mtindo huu.

Hekalu la Kigiriki lina paa la mwinamo mdogo. Vigae vya udongo vya Ujerumani vinataka mwinamo mkali, zaidi ya nyuzi 30, ndipo maji na theluji viteremke. Ukitaka sura ya Athens chini ya mvua ya Potsdam, karibu milimita 600 kwa mwaka, unalazimika kutumia bati: shaba au zinki. Zinki ni nafuu na ndiyo yenye visa. Kipande chenye urefu wa mita 10 huongezeka zaidi ya sentimita moja kati ya usiku wa baridi kali na adhuhuri ya kiangazi. Ukikipigilia misumari pande zote, kitajikunja, kisha kitapasuka penye msumari. Hufungwa kwa vishikizo vinavyokiruhusu kuteleza, na viungo hukunjwa pamoja badala ya kulehemewa kwa urefu wote.

Na mfereji wa maji uliofichwa nyuma ya ukingo, kwa ajili ya kulinda sura, ni wa kukaguliwa kila majani yanapopukutika. Ukiziba, maji hayamwagiki nje mahali pa kuonekana. Yanaingia ndani ya ukuta.

## Vyumba kumi na hema moja

Ndani kuna vyumba kumi tu. Samani nyingi alizibuni Schinkel mwenyewe, nyepesi na bila makeke. Bluu na nyeupe zimetawala nyumba nzima hadi vibao vya madirisha, na zinaelekea kuwa heshima kwa Elisabeth, kwa kuwa hizo ndizo rangi za Bavaria kwao.

Chumba kinachopigwa picha kuliko vyote ni cha hema. Kuta na dari zimefunikwa karatasi za mistari ya bluu na nyeupe, na kitanda kimetundikiwa kitambaa cha mistari hiyo hiyo, kwa kuiga hema la makaizari wa Roma. Kilikuwa cha wageni na wasaidizi wa binti mfalme. Mgeni wake maarufu alikuwa Alexander von Humboldt, mwanasayansi na msafiri, aliyekitumia mara kadhaa kati ya 1835 na 1840. Mtu aliyelala kwelikweli msituni kando ya mto Orinoco, Amerika ya Kusini, akatandikiwa hema la karatasi. Sijui kama kuna aliyecheka.

Ufundi wake ni mgumu kuliko unavyoonekana. Mistari ya ukutani inatakiwa kukutana na ya dari bila kuruka. Chumba cha nyumba ya zamani hakina pembe za nyuzi 90 kamili, kwa hiyo kosa lazima ligawanywe: kila mstari upunguzwe kidogo hadi jicho lisione. Ukilisukumia lote kwenye kona moja, hema linageuka sanduku lililopinda.

## Siam

Mrithi wa ufalme aliiita nyumba hii Siam, jina la zamani la Thailand. Katika ndoto za wakati ule jina hilo lilimaanisha ulimwengu bora, wa mbali, usio na amri za Berlin. Yeye mwenyewe alipenda kuchora, na aliingiza mkono kwenye kila hatua ya usanifu.

Hapa ndipo nilipoanza kuyumba. Tuta la udongo linaloficha ghorofa, plasta inayojifanya jiwe, karatasi inayojifanya turubai, na mwana wa mfalme anayejifanya raia wa Siam. Ukivipanga hivyo, unapata maigizo matupu.

Kisha kuna tarehe moja iliyonigeuza.

Safari yake ya kwanza kwenda Italia ilikuwa mwaka 1828. Ujenzi ulikuwa umeanza 1826. Aliagiza villa ya Kirumi kabla hajaiona Roma.

Chanzo chao kikubwa kilikuwa maandishi: barua za Plinio Mdogo, Mrumi wa karne ya kwanza na ya pili, anazosimulia villa zake mbili, moja ufukweni na nyingine nchini Toscana. Anaeleza upepo unaingilia wapi, jua linafika chumba kipi saa ngapi, na bahari inasikika kutoka wapi. Hakuna mchoro hata mmoja. Kila msanifu aliyejaribu kuzichora villa hizo, Schinkel akiwamo, ametoka na nyumba tofauti.

Kwa hiyo hakuna asili iliyonakiliwa. Bandia huhitaji kitu halisi cha kukiiga, na hapa palikuwa na maneno tu juu ya jua, kivuli na mwendo. Ukisoma hivyo, tuta la mashariki linaacha kuwa hila. Schinkel alikuwa ameizunguka Italia tangu 1803, akichora pia nyumba za kawaida za mashambani, na alijua kwamba villa ya kale ilikuwa shamba kwanza. Kulichukua shamba la Prussia na kulipa mahali pa kutembea, pa kukaa na pa kutazama mbali ni uaminifu wa aina yake kwa zile barua.

Sisemi shaka yote imeniisha. Mrithi huyu aliyeota Siam alikuwa mfalme mwaka 1840, akakutana na mapinduzi ya 1848, na 1849 akalikataa taji la Ujerumani nzima alilopewa na bunge la Frankfurt kwa sababu lilitoka kwa wananchi. Villa haiwezi kumtetea. Ila nadhani haipaswi kuhukumiwa pamoja naye pia.

## Moshi ulioruhusiwa kuonekana

Chemchemi za bustani ile zilihitaji maji ya nguvu, na kwenye ardhi tambarare hakuna mteremko wa kuyaleta. Ilibidi yasukumwe. Kando ya bwawa ilijengwa nyumba ya injini ya mvuke, na bomba lake la moshi likapewa umbo la kinara cha taa cha kale. Injini ile haipo tena, lakini bwawa bado linaitwa kwa jina lake, bwawa la mashine.

Mwaka ule ule wa 1826 Schinkel alikuwa Uingereza, akitazama viwanda na mabomba yake ya moshi, na mengi aliyoyaona yalimkera. Angeweza kuificha injini nyuma ya miti. Lenné alikuwa na miti ya kutosha. Wakaiweka penye kuonekana, ikitoa moshi kwenye mandhari ya Plinio. Kwangu huo ndio ushahidi mkubwa zaidi dhidi ya shtaka la kiini macho. Mwongo asingewasha moto ule.

## Ng'ambo ya bwawa

Charlottenhof ilipoisha, kundi lile lile lilivuka hadi ukingo mwingine na kujenga Bafu za Kirumi, kati ya 1829 na 1840: nyumba ya mtunza bustani wa kasri, banda la chai lenye sura ya hekalu, ukumbi wa matao, na vyumba vya kuogea ambavyo havikuwahi kuogewa.

Wengi huzipenda kuliko villa, na sura yake ni nzuri kweli: mapaa ya vimo tofauti, mnara mdogo, mizabibu, maji. Safari hii hapakuwa na misingi ya zamani ya kubishana nayo. Kila kipande kiliwekwa pale kilipopendeza macho, na mimi naona hasara yake. Unapita kutoka picha moja hadi nyingine bila kujua kwa nini hiki kiko kushoto na kile kulia, na hakuna mahali mwili wako unaposhtuka, kama unavyoshtuka Charlottenhof ukitoka ukumbini kwa hatua moja na kukuta nyasi pale ulipotarajia roshani.

Sehemu ninayoirudia huko ni nyumba ya mtunza bustani, ya 1829 na 1830. Hermann Sello aliishi humo na kuendesha kazi ya bustani. Ina dari za kawaida, ina bomba la moshi linaloonekana kuwa bomba la moshi, na ndiyo ambayo wasanifu vijana wa Prussia waliiga kwa miaka mingi waliposambaza nyumba za mtindo wa Kiitalia Potsdam nzima, Persius akiwa mbele yao.